Kupandisha Ngazi na Kufundisha Wahusika Katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani: Mwongozo Kamili kwa Msimamizi

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, ambao kila mchezaji humwendesha mhusika wake wa kubuni kwa maneno na dadu, ngazi ni kipimo cha nguvu za mhusika. Mpiganaji analala pangoni akiwa wa ngazi ya 4, anaamka akiwa wa ngazi ya 5, na kuanzia asubuhi hiyo anapiga mapigo mawili katika zamu ambayo jana yake angepiga moja. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuna alichokifanya usiku ule zaidi ya kukoroma. Mara ya kwanza jambo hili lilipotokea mezani kwangu hapa Moshi, wachezaji walishangilia; mara ya pili walicheka; na mara ya tatu mmoja wao, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, aliuliza kwa upole kwamba, ikiwa mambo ni mepesi namna hiyo, yeye alibebeshwa mizigo ya watu miaka minne kwa sababu gani kabla ya kuruhusiwa kutangulia mbele ya msafara.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilichojifunza baadaye, baada ya kuharibu kampeni moja na kuinusuru nyingine, ni kwamba bei ya kweli ya kupanda ngazi ni muda unaopita ndani ya hadithi, na kwamba msimamizi anayejua kuitumia kalenda ya ulimwengu wake hahitaji kanuni nyingi nyingine. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo hatua kwa hatua.

Nitatumia maneno tunayoyatumia mezani kwetu. Msimamizi ni yule anayeendesha hadithi na kuwasemea watu wote wasio wahusika wa wachezaji; kikao ni mkutano mmoja wa kucheza; kampeni ni hadithi nzima inayoendelea kwa vikao vingi. Namba nyingi nitakazozitaja zinatoka katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014, kwa kuwa sehemu kubwa ya kanuni zake za msingi ilitolewa bure kwa leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na mtu yeyote anaweza kuzichapisha steshenari bila kumwibia mtu. Anayecheza mchezo mwingine wa aina hii atabadilisha namba tu.

Hatua ya kwanza: hesabu vikao kabla ya kuhesabu alama

Wasimamizi wengi huanza na swali la wahusika wafike ngazi gani. Anza na swali la watu halisi: mtakutana mara ngapi? Kundi letu lina wachezaji watano, na hukutana barazani kwangu, Rau, Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kuanzia saa nane mchana hadi magharibi. Kwa mwaka hivyo ni vikao 26 kwenye karatasi. Toa wiki za Krismasi, ambapo Moshi nzima hujaa watu waliorudi nyumbani na hakuna anayeweza kuaga ukoo ili akarushe dadu. Toa misiba na harusi. Toa msimu wa wageni wa katikati ya mwaka, ambao huwapandisha baadhi yetu mlimani. Hubaki vikao 18 hivi, na katika mwaka mzuri 20.

Sasa gawanya vikao hivyo kwa ngazi, huku ukizifanya ngazi za mwanzo kuwa fupi. Mgawanyo wangu wa mwaka wa kwanza ni kikao 1 katika ngazi ya 1, vikao 2 katika ngazi ya 2, vikao 4 katika ya 3, vikao 5 katika ya 4, na vikao 6 katika ya 5, na jumla yake ni 18. Ngazi ya 1 haistahili zaidi ya kikao kimoja kwa sababu mhusika wake hufa kwa pigo moja la bahati mbaya, na mchezaji mgeni aliyefiwa na mhusika katika saa yake ya kwanza mara nyingi harudi. Ngazi ya 3 na ya 4 ndizo zinazopaswa kukaliwa. Wanaopanda kwa njia ya Marangu hulala Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, kisha Horombo, mita 3,720, na wenye busara huongeza siku moja palepale Horombo ili mwili uzoee hewa kabla ya kuendelea kwenda Kibo. Ngazi ya 4 ndiyo Horombo yangu. Mchezaji anayepita hapo mbiombio hufika juu akiwa hajui hata silaha yake inafanya nini.

Hatua ya pili: chagua njia moja ya kupanda, uitangaze

Zipo njia nyingi, lakini tatu ndizo zinazokutana na msimamizi kila siku.

Ya kwanza ni alama za uzoefu, ambazo wahusika huzikusanya kwa mambo wanayoyashinda. Katika toleo nililolitaja, mhusika anafika ngazi ya 2 akiwa na alama 300, ya 3 akiwa na 900, ya 4 akiwa na 2,700, ya 5 akiwa na 6,500, na ya 6 akiwa na 14,000. Hesabu yake ni ya duka la rejareja: zimwi moja lina thamani ya alama 450, goblini mmoja, yaani kijitu kiovu, alama 50, hivyo kundi la wachezaji watano likishinda zimwi moja na goblini sita hupata jumla ya alama 750, yaani 150 kwa kila mtu. Kutoka ngazi ya 3 kwenda ya 4 kila mhusika anahitaji alama 1,800, ambazo ni mapambano 12 ya namna hiyo. Mkimudu mapambano mawili kwa kikao, hivyo ni vikao sita. Fanya hesabu hii kabla ya kampeni, maana ukiifanya baadaye utagundua kuwa ulichoahidi hakitoshei katika Jumamosi mlizonazo. Usidhani pia kwamba umbali kati ya ngazi hukua kwa mpangilio. Kutoka ya 10 kwenda ya 11 ni alama 21,000, ilhali kutoka ya 11 kwenda ya 12 ni 15,000 tu.

Alama zina tabia moja inayopaswa kukumbukwa: kile unachokilipa ndicho utakachokiona mezani. Katika matoleo ya awali ya mchezo huu, ambao ulianza kuuzwa mwaka 1974, sehemu kubwa ya alama ilitokana na dhahabu iliyoletwa nyumbani, na kwa hiyo wachezaji walijifunza kunyata, kudanganya na kukimbia, kwa kuwa zimwi lililolala lilikuwa na faida karibu sawa na zimwi lililokufa. Ukilipa kwa vifo peke yake, usishangae wahusika wako wakimchinja mlinzi aliyekwisha kusalimu amri.

Njia ya pili naiita ya vituo. Msimamizi huamua tukio ambalo likitimia wote hupanda, iwe walipigana au hawakupigana. Katika kampeni yetu ya sasa, iliyowekwa kwenye miteremko ya mlima wenye vilele viwili, kituo cha kwenda ngazi ya 3 kiliandikwa hivi: maji ya mfongo (mfereji wa mashamba) yamerudi kijijini. Kundi lingeweza kumtafuta aliyeuziba mfongo huko juu na kumpiga, lingeweza kukaa na wazee wa vijiji viwili hadi wakapatana zamu za maji, au lingeweza kuchimba mkondo mpya. Walichagua jambo la nne ambalo sikuliwazia, la kumuoza binti wa kijiji cha juu kwa kijana wa kijiji cha chini, na kituo kikahesabiwa bila mjadala, kwa kuwa maji yalirudi. Kituo kizuri huandikwa kama hali ya dunia iliyobadilika. Ukiandika kitendo fulani ambacho lazima wakifanye, umekwisha kuwafungia njia.

Njia ya tatu ni ya matumizi, na mfano wake mashuhuri ni mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978. Humo mhusika hana ngazi; ana asilimia ya kila ujuzi. Akifaulu kuutumia ujuzi katika hali ya hatari, anaweka tiki pembeni yake, na baadaye hurusha dadu ya asilimia, inayotoa namba 1 hadi 100: akipata namba kubwa kuliko ujuzi alionao, ujuzi unaongezeka. Uzuri wake umo katika hesabu yenyewe. Mwenye ujuzi wa 30 ana nafasi kama 70 katika 100 ya kujifunza kitu, na mwenye 90 ana nafasi kama 10 tu, jambo ambalo fundi yeyote mzee atakuambia ni kweli.

Mimi hutumia vituo kwa ngazi na tiki kwa ujuzi mdogo mdogo. Chagua unachopenda, lakini kitangaze katika kikao cha kwanza na usikibadilishe katikati bila kuwauliza wachezaji, kwa sababu mtu aliyekuwa akikusanya kitu kwa miezi mitatu hapendi kusikia kwamba kitu hicho hakihesabiki tena.

Hatua ya tatu: wote wawe ngazi moja

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu sioni ubishi wenye uzito. Asiyekuja kwenye kikao apande pamoja na wenzake. Mchezaji wetu anayeongoza wageni hukosa vikao kwa sababu yuko juu ya mawingu akitafuta riziki, na mwingine ni muuguzi ambaye zamu zake hazipangwi na mimi. Kumwadhibu mtu kwa kwenda kazini ni kumfukuza taratibu. Pia, katika mapambano yaliyopimwa kwa ngazi ya 5, mhusika wa ngazi ya 3 hufa au hukaa nyuma akitazama. Anayetaka kumtuza mhudhuriaji amtuze kwa vitu vya hadithi: jina lake liimbwe, farasi awe wake, mwenye nyumba amkumbuke.

Hatua ya nne: tenganisha ngazi, ujuzi na hadhi

Mkanganyiko mwingi wa mafunzo unatokana na kuyaweka mambo matatu katika kapu moja. Ngazi ni nguvu ya jumla: alama za uhai (kiasi cha madhara anachokimudu mhusika kabla ya kuanguka), mapigo, uchawi mpya. Ujuzi ni jambo mahususi, kama kusema lugha ya majitu, kutumia zana za mhunzi, au kusoma nyota. Hadhi ni nafasi ya mhusika mbele ya watu, kama vile kuitwa bwana wa ngome au kuketi barazani pa wazee. Saidia fundi anayechanganya zege kwa nguvu za ajabu hajawa fundi kwa sababu hiyo, na fundi hodari hajawa mkandarasi mpaka apate watu wa kumpa kazi.

Kwa hiyo weka njia tofauti kwa kila moja. Ngazi ije kwa vituo. Hadhi itolewe na watu wa ndani ya hadithi pale inapostahili, bila dadu. Ujuzi uje kwa mafunzo ya moja kwa moja, na hapa kanuni rasmi zinafaa kuangaliwa. Toleo la 2014 lilitaka siku 250 za kujifunza lugha au zana moja, kwa sarafu moja ya dhahabu kila siku. Katika kampeni nyingi siku 250 hazipatikani kabisa. Wahusika huokoa ufalme katika wiki sita. Mwaka 2017 ikatoka kanuni mbadala: wiki kumi za kazi, zinazopunguzwa kwa mwenye akili nyepesi, kwa sarafu 25 kila wiki. Ukikokotoa kwa wiki zote kumi utaona jumla ya dhahabu ni ileile 250, na kilichopunguzwa ni muda peke yake. Waandishi wenyewe waliona mahali kiatu kilipobana.

Hatua ya tano: lipisha muda, usilipishe dhahabu

Hapa ndipo nilipoanguka, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979, cha toleo la juu (Advanced) la mchezo huu, kilitaka mhusika anayepanda ngazi amlipe mwalimu sarafu 1,500 za dhahabu, mara ngazi aliyonayo, kwa kila wiki ya mafunzo, na wiki zilikuwa kati ya moja na nne kulingana na msimamizi alivyouona uchezaji wake. Mtazame mwizi wa ngazi ya 1. Alihitaji alama 1,251 ili aende ngazi ya 2, na hata kama kila alama aliipata kwa sarafu ya dhahabu, bado hakuwa na 1,500 za wiki moja ya mafunzo. Alikuwa amefuzu na hana ada.

Mimi niliisoma kanuni hiyo nikaipenda kwa ukali wake, nikaishusha hadi sarafu 200 mara ngazi, na nikaiingiza mezani. Vikao vitatu baadaye wahusika wangu, ambao walikuwa watu wa heshima, walianza kung'oa bawaba za milango ya hekalu ili waziuze kama chuma chakavu. Waliacha kuwasaidia wanakijiji wasio na kitu. Mmoja aliuza punda wa kundi bila kuwaambia wenzake, na tukapoteza nusu saa ya kikao katika ugomvi wa kweli kati ya watu wawili wanaopendana. Sikuweza kumlaumu mtu, maana mimi ndiye niliyewafundisha kwamba dhahabu ndiyo ngazi.

Muda hauna tabia hiyo, kwa sababu hauwezi kuporwa kwa mtu. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kina kanuni ya hiari ya mafunzo ambayo siku zake ni nzuri: siku 10 kwa anayeingia ngazi ya 2 hadi ya 4, siku 20 kwa ya 5 hadi ya 10, siku 30 kwa ya 11 hadi ya 16, na siku 40 kwa ya 17 hadi ya 20. Kanuni hiyo inataja pia sarafu 20, 40, 60 na 80, ambazo ni ada ndogo tu na hazimsumbui mtu. Zichukue siku hizo kama zilivyo, isipokuwa ngazi ya 2, ambayo mimi huiachia bure ili hadithi isisimame kabla ya kuanza.

Ili siku hizo ziwe na uzito, chora kalenda. Chukua daftari la mraba, kila mraba uwe siku 5, na uigawe miaka ya ulimwengu wako kwa majira ambayo wachezaji wanayajua miilini mwao. Yetu ina masika ya miezi mitatu, kipupwe, kiangazi na vuli. Wakati wa masika njia za mlimani huwa utelezi, madaraja ya miti husombwa, na misafara haitoki. Huo ndio msimu wa wahusika kukaa chini ya paa na kujifunza. Tangu nilipofanya hivyo sijapata tena shida ya kuwashawishi watu wapumzike, kwa kuwa mvua hushawishi kwa niaba yangu. Mwenye kutaka kusafiri katika masika aruhusiwe, ila kila siku ya safari itachukua siku mbili, tena nusu ya chakula chake itaoza.

Kisha mpe adui kalenda yake. Hili ndilo linaloufanya muda kuwa bei, na bila hili siku 20 ni maneno matupu yanayosemwa kwa pumzi moja. Andika mpango wa adui kwa hatua sita, na kila siku 10 za ulimwengu zinapopita, piga mstari kwenye hatua moja. Adui wetu wa mwaka jana alikuwa mkusanya kodi aliyejitangaza kuwa mtawala: hatua yake ya kwanza ilikuwa kununua walinzi wa daraja, ya pili kuficha ulezi ghalani, ya tatu kupandisha bei ya chumvi, ya nne kumteka mganga mkuu, ya tano kufunga njia ya sokoni, ya sita kuvamia. Waambie wachezaji waziwazi kwamba mkikaa siku 20 yeye naye atasonga hatua mbili. Usiwaambie hatua hizo ni zipi, bali waone dalili zake. Chumvi ikipanda bei watauliza. Kundi letu lilijadiliana kwa dakika kumi na tano kama litoke na ngazi ya 4 ili kumwokoa mganga au lingoje ngazi ya 5, na katika miaka yote ya kusimamia sijasikia mjadala mtamu kuliko ule. Hawakungoja. Mganga aliokolewa, na mafunzo yakafanyika nyumbani kwake kama shukrani.

Hatua ya sita: mpe mwalimu uso, na uyachezee mafunzo kwa dakika kumi

Mafunzo yasichukue kikao kizima. Kila mhusika apewe dakika kumi, na katika dakika hizo uulize mambo matatu: nani anakufundisha, anataka nini kwako, na kitu gani hukuweza kukifanya siku ya kwanza ambacho unakifanya siku ya mwisho. Wengine wakisubiri zamu yao wacheze nafasi ya wanagenzi wenzake, wake za mwalimu, au mbuzi wake, kama mmoja wetu anavyopenda.

Nitaonyesha jinsi ilivyokwenda kwa mpiganaji aliyetaka ngazi ya 5 pamoja na ujuzi wa zana za uhunzi. Mchezaji wake ni kijana aliyemaliza kidato cha sita. Nilimweleza kwamba kiwanda cha mhunzi kiko nyuma ya migomba, kwamba moshi unatoka chini ya paa la nyasi, na kwamba mzee ameketi hajageuka.

«Shikamoo babu,» alisema. «Nimekuja kuomba kazi.»

«Marahaba. Kazi au sifa?»

«Kazi, babu.»

«Umekuja na nini?»

Kijana alitazama karatasi yake. Alikuwa na sarafu 310 za dhahabu, na akazitaja. Mzee hakujibu. Mchezaji wa pembeni, akiwa mwanagenzi wa zamani, alimnong'oneza kwamba huku mtu haendi kwa mwalimu na fedha mkononi kama anayenunua kuku. Anakwenda na kibuyu cha mbege, na anakwenda na mkubwa wake wa kumsemea. Kijana akaomba ruhusa, akarudi na kibuyu na mganga wa kundi kama mshenga wake. Siku kumi za kwanza alipewa mivukuto tu. Nilimtaka arushe dadu ya pande 20 kwa uvumilivu wake, si kwa nguvu, na alipata 7, jambo lililomaanisha kwamba siku ya sita aliuacha moto ukalala na jembe la mtu likaharibika. Mzee hakumfukuza, alimpa jembe lile alibebe mgongoni mpaka kwa mwenyewe na kueleza. Siku ya kumi na tano alishika nyundo. Siku ya ishirini mzee alimwonyesha jinsi ya kuliacha pigo la kwanza lirudishe nyundo juu lenyewe ili la pili lishuke bila kupoteza nguvu, na pale ndipo yalipozaliwa mapigo mawili ya ngazi ya 5. Yule kiongozi wa wageni alitikisa kichwa polepole akasema, «Haya. Hii naielewa.»

Angalia kwamba dadu ile haikuweza kumnyima ngazi. Ngazi alikwisha kuistahili kwa kituo. Dadu iliamua mafunzo yatakwendaje. Ukiruhusu dadu imnyime mtu ngazi yake, utakuwa umemlipisha mara mbili. Kwa ujuzi wa ziada mambo ni tofauti, na hapo kushindwa kunaweza kuongeza siku tano.

Hatua ya saba: siku ya kupanda

Tangaza ngazi mwishoni mwa kikao, kamwe usiitangaze katikati, kwa sababu katikati kila mtu atainamisha kichwa kwenye kanuni na hadithi itapoa. Wachezaji wachague mambo yao nyumbani wakiwa na siku kumi na nne za kufikiri, kisha nusu saa ya kwanza ya kikao kinachofuata iwe ya mafunzo na ya kukagua karatasi. Kuhusu alama za uhai, mpiganaji hurusha dadu ya pande 10 au huchukua 6 bila kurusha, na mchawi hurusha ya pande 6 au huchukua 4. Aseme kabla ya kurusha kama anarusha. Tuliwahi kumruhusu mtu arushe kwanza kisha achague, na bila shaka aliyepata 2 alikumbuka ghafla kwamba alikusudia kuchukua 6.

Andika kwa kalamu ya risasi. Piga picha ya kila karatasi kwa simu kabla watu hawajaondoka. Karatasi moja yetu ilisahauliwa ndani ya daladala ya kwenda Kiboriloni na ngazi nne zikaondoka nayo.

Hatua ya nane: jiandae kwa ngazi ya 5 kuliko nyingine zote

Ngazi hazilingani. Katika ngazi ya 5 wapiganaji wengi hupata pigo la pili, nyongeza ya umahiri ya kila mtu, inayojumlishwa kwenye dadu ya mambo anayoyamudu, hupanda kutoka 2 hadi 3, na mchawi hufikia uchawi wa tufe la moto, ambalo hurushiwa dadu 8 za pande 6, kwa wastani wa madhara 28. Goblini ana alama 7 za uhai. Hata akifaulu kujikinga hupata nusu, yaani 14, na anakufa mara mbili. Kundi la goblini ishirini ambalo mwezi uliopita lilikuwa tishio la kijiji kizima sasa ni zamu moja ya mchawi. Basi badilisha maadui kabla ya ngazi hiyo kufika: watawanye, wape sehemu za juu na njia mbili za kuingilia, au waweke katikati ya watu wasio na hatia ili moto usirushwe ovyo. Lakini katika kikao cha kwanza cha ngazi ya 5, wape makusudi kundi moja la goblini lililosongamana. Wameilipia raha hiyo kwa siku ishirini.

Hatua ya tisa: kubadili, kufa na kustaafu

Mchezaji akijutia alichochagua, mruhusu abadili, naye alipe kwa siku za kalenda. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la mwaka 2019, linataka takriban wiki moja ya kubadili kipaji kimoja, na kiasi hicho kinatosha katika mchezo wowote. Kabla ya ngazi ya 3 mimi huruhusu mabadiliko bila malipo yoyote, maana mgeni hawezi kujua anachokipenda kabla ya kukionja.

Mhusika akifa, mpya aingie katika ngazi ya wenzake, na umpe sababu ya kuwa na nguvu hizo: alikuwa wapi, alifundishwa na nani, na kwa nini mwalimu huyo alimwachia aondoke. Mara nyingi nafasi nzuri zaidi ni ya mwanagenzi mwenzake yule aliyekufa, ambaye amekuja kuuliza ndugu yake alizikwa wapi.

Na mhusika anapostaafu kwa hiari, karatasi yake usiitupe. Ibandike nyuma ya daftari la kalenda, uandike anakoishi, anachotaka kuletewa na anayekuja kwake, na kitu kimoja ambacho hamfundishi mtu yeyote. Mhunzi mzee niliyemtaja hapo juu, aliyemwuliza kijana kama anatafuta kazi au sifa, alikuwa mhusika wa yule muuguzi katika kampeni yetu ya kwanza, na jioni ile muuguzi ndiye aliyemsemea maneno yote ya mzee.